Kona Niliyomtegea Mtoto wa Kaka Yangu

Msomaji, kama wiki jana ulinihurumia, huruma hiyo ishike kwanza. Leo utataka kumpa mtu mwingine.

Nilikueleza goti langu lilivyoniharibikia nikiwa na miaka ishirini, na jinsi Andati, mchumba wangu, alivyovumilia wiki tatu tu kabla ya kuoa mwalimu wa nasari. Nikakueleza nilivyorudi nyumbani Ekero kufundisha watoto tenisi katika klabu ya zamani ya wafanyakazi wa kiwanda cha sukari. Tuliachana simu ikilia. Aliyepiga alikuwa Bi. Adhiambo wa Nairobi, na alisema ana nafasi moja ya kualikwa kwenye mashindano ya wanawake wa kulipwa. Alitaka impate mchezaji wa huku kwetu magharibi.

Nilidhani ananiita mimi. Nilikwisha kuanza kuwaza viatu.

"Mwalimu, wewe una miaka mingapi?" aliniuliza.

"Ishirini na minane."

Akacheka kidogo, kicheko cha adabu. "Hapana, namuulizia yule mtoto wako. Ashley Nanjala."

Ashley si mtoto wangu. Ni binti wa kaka yangu Phanuel, ana miaka kumi na mitano, na huniita Senje kama kila mtoto wa kwetu anavyomwita dada ya baba yake. Raketi yake ya kwanza nilimkatia mimi mpini kwa msumeno akiwa na miaka saba, kwa sababu ilikuwa ndefu kumpita.

Ninampenda. Nilimwogesha akiwa mchanga, nikamfunga mgongoni, nikamfundisha kuhesabu kwa mipira. Na nilimwonea wivu. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yangu pamoja na hayakuwahi kugombana.

Sokoni Ekero zamani niliitwa Selpher wa Tenisi. Waliniita hivyo hata baada ya goti. Halafu mwezi wa tatu mwaka huu nikamsikia mama wa nyanya akimwambia binti yake, "Mpimie huyo vizuri, ni senje ya Ashley." Akaniongezea nyanya mbili. Nilizibeba hadi nyumbani na sikuzila.

Nikifungua simu, ni wao tu. Wasichana wa miaka kumi na sita, kumi na saba, meno bado yana vyuma, wanawatoa mashindanoni wanawake wa rika langu. Wale wanawake wanakwenda wavuni wanatabasamu, wanawakumbatia watoto hao na kuwapigapiga mgongoni. Mimi naangalia yale matabasamu. Nayajua vizuri, kwa sababu nilikuwa natabasamu hivyo hivyo kila Ashley alipopata kikombe.

Siku moja aliniletea malalamiko.

"Senje, hii sheria yao ni mbaya. Kwa sababu sijafika miaka kumi na nane, wananihesabia mashindano. Kwa mwaka ni machache tu. Wanasema nisiharakishe."

Dunia nzima ilikuwa inamwambia asiharakishe. Mimi iliniambia nimechelewa, na haikunipigia hata simu.

Basi nafasi ya Bi. Adhiambo ilikuwa moja, na wasichana walikuwa wawili. Wa pili aliitwa Chepng'etich, ana miaka kumi na sita, kwao ni Chekalini kule Lugari, wazazi wake wanalima mahindi. Bi. Adhiambo akaamua: Jumamosi wacheze seti moja katika uwanja wetu. Atakayeshinda anaondoka naye siku hiyo hiyo, kwa maana mashindano yanaanza Jumatatu.

Phanuel, ambaye ni mzee wa kanisa na pia katibu wa klabu, alinijia jikoni akiwa na furaha ya kumtosha mtu na jirani yake.

"Selpher, tutafanya maji pale pale uwanjani. Mechi ikiisha, unambariki, anapanda gari."

Nikueleze hayo maji, maana ndiyo yaliyonileta hapa. Kwetu, msichana wa ukoo akienda safari kubwa, senje wake hujaza maji mdomoni. Baba wa mtoto humuuliza mara tatu, "Una neno na mtoto huyu?" Kama senje hana neno, humpulizia mtoto yale maji kichwani, na safari inafunguka. Kama analo, huyameza na kulisema mbele ya wote. Mchungaji wetu anajua jambo hili na hulipita kimya. Katika maisha yangu sijawahi kuona senje akimeza.

Mimi nilipokwenda Nairobi nikiwa na miaka kumi na sita, senje wangu alikuwa amelazwa hospitali. Niliondoka bila maji. Nilifungwa sita bila, sita kwa moja, na nyumbani mpaka leo wanasema nilitoka mkavu.

"Nitambariki," nilimjibu kaka yangu. Nikaendelea kukoroga obusuma, ugali wetu.

Ijumaa tukatayarisha uwanja.

Uwanja wetu ni wa murram, ule udongo mwekundu wa changarawe. Watu wa kwingine hawatajua, lakini sisi wa kwenye miwa hatutulizi vumbi kwa maji peke yake. Tunatumia molasi, ule urojo mweusi unaobaki kiwandani sukari ikishatolewa. Ndoo moja ya molasi kwa ndoo saba za maji. Unanyunyiza, jua linakausha, ardhi inashika na mpira unadunda vizuri. Ukizidisha molasi, juu panakauka ngozi nyembamba na chini panabaki gundi. Jua la mchana likipiga, ile gundi inalainika.

Mtu wa kazi hiyo ni Mzee Osiako. Amekoroga molasi ya klabu kwa miaka kumi na tisa na hapimi kwa macho, anahesabu ndoo kwa sauti.

Ilipofika saa tisa, uwanja wote ulikuwa umekwisha isipokuwa kona moja ya upande wa lango.

"Mzee," nikamwambia, "chokaa ya mistari haitoshi. Chukua baiskeli ufike Mumias kabla hawajafunga. Hii kona nitamalizia mimi."

"Sawa, Mwarimu. Lakini usisahau maji. Saba."

"Najua, Mzee."

Alipotoka langoni, nilibaki na ndoo moja ya molasi ambayo haikuwa imeguswa na tone la maji.

Kona ile sikuichagua ovyo. Ashley ana mkono wa nyuma dhaifu. Nilimfundisha kuuficha: mpira ukija kushoto, auzunguke mbio, ateleze na mguu wa kushoto mpaka kwenye kona, aupige kwa mkono wa mbele. Hilo ni pigo langu. Nililigundua mwenyewe, katika kona hiyo hiyo, nikiwa na miaka kumi na minne. Mwezi jana mtangazaji wa redio aliliita pigo la Ashley.

Nilimwaga ndoo yote. Nikaisambaza kwa fagio, nikanyunyiza murram kavu juu yake mpaka rangi ikafanana.

Sikutaka aumie. Amini usiamini, sikutaka. Nilitaka kiatu kimshike katikati ya mbwembwe zake, asimame pale kama mtoto aliyepotelewa na mama sokoni. Nilitaka Bi. Adhiambo afunge daftari na kusema bado. Hilo neno moja tu. Mimi niliambiwa mara ngapi?

Jumamosi jua lilitoka mapema na kukaa.

Bi. Adhiambo alifika saa saba na kofia pana na daftari. Chepng'etich alikuja na mama yake, msichana mrefu, mpole, aliyesalimia kila mtu kwa mikono miwili, hata Osiako. Hilo nalo liliniudhi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia.

"Sheria yangu ni moja," Bi. Adhiambo akasema. "Leo kocha hasemi na mchezaji. Nataka kuona akili zao wenyewe. Nikisikia sauti, pointi inakwenda upande wa pili."

Ashley akanijia mbio na mpira wa nywele mkononi.

"Senje, nifungie."

Nikamfunga nywele nyuma, kama kila siku. Shingo yake ilikuwa na jasho tayari.

"Nikishinda kuna kitu nitakuambia," akasema.

"Niambie sasa."

"Zii. Mpaka nishinde."

Akaenda upande wa tangi la maji. Chepng'etich akaenda upande wa lango. Nilikaa benchi moja na Bi. Adhiambo. Katika tenisi wachezaji hubadilishana upande baada ya gemu ya kwanza, kisha kila baada ya gemu mbili. Nilikuwa nimehesabu. Gemu ya kwanza ingekuwa salama kwa Ashley. Ya pili na ya tatu Ashley angekuwa langoni, karibu na kona yangu.

Gemu ya kwanza Ashley akaichukua bila jasho. Bi. Adhiambo akatabasamu na kufungua daftari lake.

"Mwalimu, umeona alivyojaza fomu?"

"Nilijaza naye."

"Ukurasa wa mwisho alijaza peke yake."

Akanipa. Palikuwa na mstari wa mchezo wa wawili wawili, na nafasi ya kuandika jina la mwenzako. Kwa mwandiko wa Ashley ulioegemea kushoto palikuwa pameandikwa: Selpher Navalayo.

Niliusoma mara tatu.

"Nilimpigia nikamwambia atafute msichana wa rika lake," Bi. Adhiambo akasema. "Akaniambia kama si senje yake, hachezi wawili. Nikauliza watu, wakasema goti lako limepona. Limepona?"

"Limepona."

"Basi leo akipita, mnakuja wote. Yeye ana miguu, wewe una akili. Ni mwaka wa ngapi tangu ucheze ya kulipwa?"

"Sijawahi kucheza," nikasema.

Ungedhani nilifurahi. Sikufurahi kwanza. Kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa kile kile cha zamani, kichungu. Mimi ndiye niliyekuwa nampa viatu vyangu vikimtosha. Sasa yeye ndiye ananigawia nafasi, ana miaka kumi na mitano, na hata hakunisimanga.

Kisha nikainua macho, nikamwona anavuka kwenda upande wa lango. Hapo ndipo nilipoikumbuka ile kona.

"Bi. Adhiambo, naomba tuburute mkeka wa kusawazisha pale kona. Pana vumbi."

"Mkeka ni baada ya seti."

"Ni dakika moja tu."

Akaniangalia chini ya kofia. "Kuna kitu pale?"

Hapo, msomaji. Nilikuwa na neno na nilikuwa na mdomo. Chepng'etich alikuwa bado anajifuta jasho, hakuna aliyekuwa ameumia, na Osiako alikuwa bado na kazi yake.

"Hakuna," nikasema.

Mpira wa pili wa gemu ya pili ukaenda kushoto. Ashley akauzunguka mbio, akashusha bega, akaanza kuteleza. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, mpira ulikuwa umepita na Ashley alikuwa amesimama hatua mbili kabla ya kona, anaangalia chini.

Nikaangalia anapoangalia. Nyuki watatu. Punde wakawa wanane.

Sikuwa nimewawaza nyuki. Miaka yote hiyo kwenye miwa, na sikuwawaza. Lakini Ashley amekua akiwakimbia nyuki wanaofuata matrekta ya molasi. Nyuki wakitua mahali ardhini, mtoto wa Ekero hahitaji kuelezwa kilichopo chini yao.

Tangu hapo hakuikanyaga ile kona. Kila mpira uliokwenda huko aliuacha. Akapoteza gemu ya pili, akapoteza na ya tatu.

"Anaogopa kukimbia kushoto," Bi. Adhiambo akaandika. "Nilidhani hilo ndilo pigo lake."

Nilitaka kumwambia si lake ni langu. Hata wakati ule, msomaji. Hata wakati ule.

Wakabadilishana upande. Sasa Chepng'etich alikuwa langoni. Ashley akasimama kwenye tangi akidundisha mpira kwa muda mrefu kuliko kawaida. Akaangalia ng'ambo, pale nyuki walipokuwa. Akaniangalia mimi. Nikaangalia daftari la Bi. Adhiambo.

Mpira wa kwanza akaupiga kwenye ile kona.

Msichana wa Chekalini, mtoto wa mahindi, aliwaona nyuki na hakuona kingine. Akaukimbilia. Kiatu kikamshika, akapepesuka, akacheka kidogo na kurudi mahali pake. Mpira wa pili, kona hiyo hiyo. Wa tatu. Gemu ikaisha, wakawa mbili kwa mbili.

Ningeweza kusimama hapo. Kelele moja ingetosha, na adhabu yake ilikuwa pointi moja tu. Lakini Ashley alikuwa anashinda, na akishinda tunakwenda wote. Mara ya kwanza nilinyamaza kwa wivu. Hii ya pili nilinyamaza kwa tamaa, na sijui ipi ina uzito zaidi.

Katika gemu ya tano mpira ukaenda mbali kabisa kushoto. Chepng'etich akaufuata kwa nguvu zake zote. Mwili ulikwenda, kiatu kilibaki. Nilisikia kifundo cha mguu kikilia mpaka nilipokaa.

Hakupiga kelele. Aliketi pale kwenye nyuki akiushika mguu na kusema taratibu, "Kiatu imekataa. Mama, kiatu imekataa."

Mama yake alifika kabla yetu. Aligusa ardhi, akanusa vidole, akaviangalia vilivyogandana.

"Huku kwenu mnawekanga sukari kwa uwanja?" akauliza.

Tukambeba mpaka kivulini, tukautia mguu wake kwenye ndoo ya maji baridi. Nilipoitazama ile ndoo, niliijua. Kwenye mdomo wa ndoo hiyo palikuwa bado na weusi wa molasi.

Bi. Adhiambo akatembea hadi kwenye kona, akaikanyaga, akainua kiatu. Kikabanduka kwa sauti. Akamgeukia Phanuel.

"Katibu, nani anatengeneza huu uwanja?"

"Osiako," Phanuel akaita, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona gari la binti yake likitaka kuondoka tupu. "Osiako, hii ni nini?"

Mzee alikuja akivua kofia. "Mimi nilikoroga moja kwa saba, Katibu. Miaka kumi na tisa nakoroganga hivyo. Sijawahi kosea ndoo."

"Kwa hivyo hiyo gundi imetoka mbinguni?"

"Sijui. Jana nilienda kuleta chokaa." Akasita. Akanigeukia, na usoni mwake hapakuwa na shaka hata kidogo, palikuwa na matumaini. "Mwarimu alikuwa hapa. Mwarimu ndiye aseme kama mimi nilikosea."

Wote wakaniangalia.

Nilijibu kwa upole. Nilijibu kwa ule upole ambao watu hunisifia.

"Binadamu hukosea, Mzee," nikasema.

Akaendelea kuniangalia kidogo. Kisha akakunja ile kofia mara mbili, akaitia mfukoni. Phanuel akamwambia aache funguo za stoo mezani na jioni aende nyumbani, kamati itamwita. Osiako akasema sawa.

Nilikwenda kunawa kwenye tangi. Ashley akanifuata. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Senje, ile kona ilikuwa na nyuki."

"Niliwaona."

"Mimi niliwaona kabla. Nilijua ni molasi. Nilifikiri ni Mzee amesahau." Akavuta pumzi. "Halafu nikampelekea Chepng'etich mipira huko makusudi. Nilikuwa nimechoka kuchapwa. Nilitaka aanguke kidogo tu, nisishindwe. Sasa mguu imevimba. Mimi ni mtu mbaya?"

Aanguke kidogo tu. Nilisikia maneno yangu mwenyewe yakitoka kwenye kinywa cha mtoto. Nilikuwa nimemfundisha mkono wa mbele, nimemfundisha kuteleza, na sasa na hilo amelijua bila kufundishwa.

"Hapana," nikasema. "Mchezo ni mchezo."

"Kwa nini basi nasikia vibaya?"

Nilimpa kitambaa ajifute.

Bi. Adhiambo alituita mezani. "Sijapenda ilivyoisha. Lakini gari langu linaondoka saa kumi, na mchezaji anayeweza kusimama ni mmoja. Ashley anakuja. Mwalimu, weka sahihi hapa, wewe ni mlezi wake safarini na mwenzake uwanjani."

Nikaweka sahihi.

"Hicho ndicho nilitaka kukuambia," Ashley akasema. Hakutabasamu. "Nilitaka tuende sisi wawili. Wewe hukuenda vizuri ile mara yako."

Akaenda kwa Chepng'etich, akachuchumaa kando ya ile ndoo. Nilisikia akisema pole, na nikasikia mwenzake akijibu.

"Enda ushinde. Mwaka ujao ni mimi."

Miaka kumi na sita, na tayari anajua kushindwa bila kuwa mbaya. Nikamwonea wivu na yeye.

Saa kumi kasorobo Phanuel akatukusanya katikati ya uwanja. Sufuria za ingokho, kuku wa sherehe, zilikuwa bado zimefunikwa, hakuna aliyekuwa amekula. Ashley akapiga magoti kwenye murram na jezi yake ya safari. Bi. Adhiambo akasimama pembeni kwa heshima, akiangalia saa. Mama wa Chepng'etich akamshika binti yake begani, nao wakageuka kutazama.

"Maji," Phanuel akasema.

Aliyeyaleta alikuwa Osiako. Hapakuwa na mwingine aliyejua vikombe viko wapi, na funguo bado alikuwa nazo. Alinikabidhi kikombe kwa mikono miwili.

"Karibu, Mwarimu," akasema.

Nikajaza mdomo.

Maji yalikuwa baridi na yalikuwa mengi. Ashley akainamisha kichwa, zile nywele nilizomfunga mwenyewe zikiwa mbele ya macho yangu.

"Selpher, dada yangu," Phanuel akaanza, kwa sauti anayoitumia kanisani. "Una neno na mtoto huyu?"

Nikakaza midomo. Kupuliza tu, nikajiambia, na yote yamekwisha. Jumatatu uko Nairobi na raketi mkononi. Umeingoja siku hii miaka kumi na miwili.

"Una neno na mtoto huyu?"

Mashavu yakaanza kuuma. Nikamwona Osiako, kofia mfukoni, kichwa wazi juani. Nikauona ule mguu kwenye ndoo. Nilijua kwamba nikipuliza, mtoto huyu ataondoka na maji yangu kichwani na lawama yangu kifuani, akidhani ni yake.

Phanuel akanisogelea. Alikuwa ameanza kuona kitu usoni pangu.

"Selpher." Safari hii sauti haikuwa ya kanisani. "Una neno na mtoto huyu?"

Ashley akainua kichwa. Mtoto hatakiwi kuinua kichwa. Aliniangalia kutoka pale chini, machozi bado hayajakauka, akingoja maji.

Nikameza.

Kaka yangu akarudi nyuma hatua moja. Nyuma yake nikasikia mtu akisema Yesu, polepole. Bi. Adhiambo akaacha kuangalia saa.

"Basi sema," Phanuel akasema. "Tunakusikiliza."